Harufu Husikiwa

Maofisa wenye daftari waliniuliza,
saa ngapi hasa, fundi, uliposikia mshindo?
Wakaangaza ukutani kwangu wapate jibu:
saa kumi na tisa, kila moja na wakati wake.
Ya mwalimu Nakijwa imelala saa mbili tangu Pasaka,
ya chama cha ushirika, tisa kasorobo,
ile ya kanisani haina hata mishale.
Kwa fundi saa huletwa zilizokwisha kusimama.

Andikeni Alhamisi, nikasema.
Andikeni mtaa wa nyuma ya soko, Moshi mjini,
baada ya chai ya kwanza, kabla ya jua kufika kizingitini.

Lugha yetu haituruhusu kunusa tu.
Harufu husikiwa.
Nasikia mvua, twasema, nasikia vitumbua,
nasikia chumba alimolala mgonjwa.
Basi ilisikika. Tangu juzi yake ilisikika.
Bi Zaituni wa vitenge aliisikia, akasema ni mtaro wa manispaa.
Elinami aliisikia, akasema panya kafa darini.
Wasichana wa ushonaji kule ghorofani waliisikia,
wakafunga madirisha.
Ndewirwa mwenye mgahawa aliisikia jikoni mwake,
akachoma ubani,
na siku hiyo, sijui kwa nini, tukasamehewa.

Mimi pua yangu ilikufa mwaka ule wa barakoa.
Kahawa kwangu ni maji ya moto yenye uchungu.
Hatua kumi na nne kutoka kwenye mtungi ule,
na mpira wake uliofungwa kwa utepe wa tyubu ya baiskeli,
nilikaa kiziwi.

Apaisaria alikuja kuulizia saa ya marehemu baba yake.
Nusu saa tu, nikamwambia, kanywe supu hapo kwa Ndewirwa.
Hapo.
Nilinyoosha na kidole.

Gesi ile ni nzito, mtaalamu alitueleza baadaye,
haipandi, hutambaa sakafuni, huteremka ngazi,
hujaza stoo ya chini kama maji yajazavyo kisima,
kisha hungoja mtu awashe taa.

Mshindo sikuusikia. Hilo waliliandika kwa mashaka.
Nilikuwa na lenzi jichoni,
gurudumu dogo kuliko punje ya ulezi kwenye kibanio,
na ghafla kibanio kilikuwa kitupu
na mimi nilikuwa barabarani
na chapati ilikuwa inaning'inia kwenye waya wa umeme,
nzima, ya mviringo, bado inatoa mvuke.
Nikaitazama hiyo. Mungu anisamehe, niliitazama hiyo
muda mrefu kuliko nilivyotazama chini.

Shemeji yangu wa Dar alipiga simu saa sita,
akacheka, nasikia Moshi kunafuka moshi.
Nilikata.

Walikuwa tisa. Kufikia Jumapili, kumi na mmoja.
Nancherwa alikuwa ameanza kujifunza kukata kola.
Ndewirwa walimtambua kwa bangili.
Wakapandishwa vihambani kwao, mmoja Kibosho, wawili Marangu,
na Bi Zaituni, aliyekuja mara moja tu kudai chenji yake,
akazikwa hapa hapa mjini, kabla ya magharibi.

Apaisaria tulimpeleka Machame.
Migomba ilikuwa imelowa, udongo mweusi, viatu vizito.
Saa ya baba yake nilikuwa nayo mfukoni, inatembea vizuri,
nimeifanyia kazi usiku kucha bila kuombwa,
na sikuona wa kumkabidhi.
Mjane wake alinishika mkono, akasema asante kwa kuja.
Hakujua nilimwelekeza nani wapi.
Sikumwambia. Leo ni mwezi wa nne.

Nimehamia duka la upande wa pili.
Jirani yangu ni kijana wa vipuri, Joramu, mvumilivu.
Kila asubuhi kabla sijafungua kufuli
namwita atoke nje asimame mlangoni pangu.
Unasikia nini?
Hasikii kitu, mzee.
Sikiliza tena.
Anafumba macho, anavuta pumzi kwa ajili yangu.
Vitunguu, anasema. Mtu anakaanga vitunguu.
Wapi?